Mnaofunga supachaja Mbeya, acheni kupima kwa macho, mnaua injini za watu

Wakuu, uzi huu ni wa mafundi na wauzaji wa supachaja za mtumba Mbeya, Iringa na Njombe, yaani zile pampu zinazozungushwa na mkanda wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Mteja anakuja na Toyota Mark II yenye injini ya 1G-FE, lita 2.0, anaambiwa "chukua hii kubwa, ndiyo ina nguvu". Haulizwi injini inazunguka mpaka ngapi wala gari linatembelea wapi. Inafungwa, geji ya presha inapanda, hela inalipwa. Injini ikinoki (ikigonga kwa sababu petroli inalipuka vibaya), lawama anatupiwa mwenye gari eti anakanyaga sana.

Namba ya supachaja inasema kila kitu. Eaton M45 inasukuma inchi za ujazo 45 kwa mzunguko mmoja, sawa na lita 0.74. M62 ni lita 1.02, M90 ni lita 1.47. Za Toyota, SC12 ni lita 1.2 na SC14 lita 1.4. Sasa hesabu yenyewe: injini ya lita 2.0 hunyonya lita 1 kwa mzunguko wa kranki (shafti kuu ya injini), na kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu, shika lita 0.85. Ukitaka hewa mara 1.6 ya hiyo, unahitaji lita 1.36. M62 nayo hurudisha hewa kidogo katikati ya rota zake (vipande vinavyozunguka ndani), ihesabie lita 0.87 badala ya 1.02. Gawanya 1.36 kwa 0.87, unapata 1.56, yaani supachaja izunguke mara 1.56 kwa kila mzunguko wa kranki. Puli ya kranki ikiwa mm 140, ya supachaja inakuwa mm 90. Kranki ikifika mizunguko 6,500 kwa dakika, supachaja iko 10,100 hivi, na ukomo wake ni kama 14,000. Hapo kuna nafasi ya kupumua.

Ifunge M45 kwenye injini hiyohiyo: lazima izunguke mara 2.16, yaani 14,000 kila ukikanyaga mpaka mwisho. Nafasi ya kupumua inabaki ndogo sana. Ile M90 mnayoisifia inadai puli ya karibu mm 128, haikai, na kwenye mizunguko ya chini inazunguka polepole mno, hewa nyingi inarudi ilikotoka. Mnampa mtu mzigo wa kuburuza bure.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni geji. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yetu ina presha ya psi 12 tu, wakati Dar ni 14.7. Geji huonyesha presha iliyozidi ile ya hewa ya nje tu, kwa hiyo hewa mara 1.6 pale Dar inaonyesha karibu psi 9. Hapa Mbeya, supachaja ileile na puli ileile inaonyesha 7. Haina ugonjwa! Inafanya kazi yake sawasawa. Lakini fundi ameshasikia kwamba "lazima isome 9", anatoa puli ya mm 90 anaweka ya 80, hewa inapanda hadi mara 1.8 hivi. Geji inasoma 9 na nusu, kila mtu anafurahi.

Gari hilo likishuka Kyela, mita 500 hivi, presha ya hewa inakuwa 13.8 na geji inagonga 11. Likifika Dar inapita 11 na nusu. Joto nalo: hata kwa mara 1.6, hewa ya nyuzi 22 hutoka kwenye rota ikikaribia 100, na kwa mara 1.8 inakaribia 120. Bila intakula (kipoza hewa), ndani ya injini yenye mgandamizo unaokaribia 10 (silinda inabana hewa karibu mara 10), petroli inajilipukia yenyewe kabla ya wakati. Kingo za pistoni zinazoshika ringi zinapasuka. Toyota wenyewe walipotoa 1G-GZE, iliyozaliwa na supachaja, waliishusha mgandamizo hadi 8.0. Mlidhani walifanya hivyo kwa kupenda?

Kwa hiyo puli ipangwe kwa sehemu ya chini kabisa ambako gari litafika, na taimingi (wakati wa plagi kuwasha) irudishwe nyuma. Kama kontroli boksi inasoma hewa kwa sensa ya MAP (ya presha ya hewa inayoingia) ya injini isiyo na supachaja, ujue sensa nyingi za aina hiyo huishia karibu baa 1. Ikizidi hapo haioni kitu, nozeli zinatoa mafuta yaleyale na mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi mafuta kidogo. Kufunga supachaja bila kugusa mafuta ni kuvunja injini kwa malipo.

Na nyie wanunuzi, msitoe hela kabla ya kuishika kwa mkono. Zungusha puli: ikwaruze kidogo tu ujue rota zinagusana. Chungulia koti la rota (tabaka lililopakwa juu yake) kwa tochi kama limebanduka. Angalia kama mafuta yanavuja kwenye sili ya mbele. Supachaja za Eaton zina mafuta yao ya gia, si ya injini, na nyingi zinafika zikiwa nusu kavu. Za Toyota SC, jaribu klachi ya umeme kwa betri, isikike ikishika.

Mwisho dai uandikiwe kwenye risiti: aina ya supachaja, kipenyo cha puli zote mbili, mizunguko ya juu, na presha iliyopimwa ikiwa na jina la mahali ilipopimwa. Fundi akikataa kuandika hayo manne, weka ufunguo mfukoni uondoke na gari lako.