Hivi ni sawa kukata tiketi kwenda kuangalia maiti za mafarao?

Mtoto wa Korogwe (mleta mada): Wadau habari za jumapili. Nimerudi Misri wiki mbili sasa na kuna kitu kimenikaa rohoni. Piramidi za Giza nimeziona, mahekalu ya Karnak nimeyaona, hapo sina neno kabisa. Ila Cairo kuna ile makumbusho ya Fustat walikohamishiwa wafalme 18 na malkia 4 kwa yale maandamano ya usiku Aprili 2021, unashuka chini kwenye giza, kimya, kupiga picha marufuku, halafu unakuta watu wamelala kwenye vioo. Nasema watu, sio vitu. Ramses wa Pili nywele bado anazo. Yule mfalme Seqenenre fuvu limepasuliwa na shoka vitani, mdomo uko wazi, nami nikajikuta nainama nilione vizuri lile jeraha. Sasa kwetu uso wa maiti wanauona ndugu, mara moja, shuka inarudishwa basi. Na sisi hawahawa tunawadai Wajerumani kichwa cha Mangi Meli, yule chifu wa Wachagga waliyemnyonga Old Moshi 1900, tunataka kirudi kizikwe. Kwa Meli tunalia, kwa Ramses tunapanga foleni. Nipeni hoja.

Kipara wa Kariakoo: Mkuu umelipa, umeangalia, umeinama kabisa, ukatoka ukala kushari, ule mlo wao wa wali na dengu, ndo unaleta huruma huku 😂

Mtoto wa Korogwe: Kushari nilikula ndio. Sijasema mie msafi.

Msomi wa Nasr City: Mie nasoma chuo cha Azhar huku Cairo, hii mada huku kwetu hosteli haiishi. Wapo wanaoshika aya ya 92 ya Sura Yunus, kwamba mwili wa Firauni uliokolewa uwe ishara kwa wanaokuja nyuma, kwahiyo kwao kwenda kumwona ni mazingatio. Wengine wanajibu Kurani haijamtaja jina, nani kakwambia ni Ramses? Na hata akiwa ndiye, wale wengine 21 wana kosa gani? Alafu wasidhani ni kelele za sisi wageni tu, Rais Sadat mwenyewe aliamuru chumba cha maiti za wafalme kwenye makumbusho ya zamani ya Cairo kifungwe 1980 kwa hoja hiihii ya heshima, kikaja kufunguliwa tena 1994. Wamisri wenyewe hawajawahi kukubaliana.

Mwalimu Mstaafu: Naona wote mnaongea kana kwamba wale wafalme walikuwa wamelala zao salama mpaka mzungu akaja kuwafukua, sivyo. Makaburi yao yaliibiwa na Wamisri wenzao zamani hizohizo, ndo maana kama miaka 3000 iliyopita makuhani wakawakusanya, wakawafunga sanda upya, wakaandika juu ya sanda huyu ni fulani, baadhi yao wakawaficha kwenye shimo moja kule Deir el-Bahari. Wakakaa humo mpaka ukoo mmoja wa kijiji cha jirani ukalipata, ukawa unauza vitu kidogokidogo sokoni, serikali ikastuka, 1881 ikawatoa wote waliokuwa humo. Sasa mnataka warudishwe wapi? Kwenye Bonde la Wafalme yalipo makaburi yao? Wataibiwa kabla mwaka haujaisha. Na jambo jingine, Mmisri wa kale alitaka akumbukwe. Nenda makaburi ya maofisa wao, ukutani kuna maneno yanamwita kabisa mpita njia, enyi mlio hai mnaopita hapa, nisomeeni dua nipate mikate elfu na bia elfu. Huyo kakualika mwenyewe, wewe unaona aibu ya nini?

Mtoto wa Korogwe: Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye kuibiwa umenishika, sina pa kutokea. Ila mwaliko wako una kasoro. Yale maneno yaliandikwa chumba cha juu, kile cha kuletea sadaka. Mwili wenyewe ulikuwa chini kwenye shimo na shimo likazibwa kwa mawe. Mtu kakualika sebuleni wewe umemfuata mpaka chumbani kwake ukamvua shuka!

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hilo la sebule nalikubali, nusu.

Mama Chumvi: Mnajua neno mumiani limetokea wapi? Bibi yangu Pangani alikuwa anatutishia nalo, usitoke usiku mumiani watakunyonya damu. Kumbe ni neno moja na hizo mumia, yaani hizo maiti zilizokaushwa! Zamani ilikuwa dawa, donge jeusi linaletwa na majahazi, na kule Ulaya madaktari walikuwa wanasaga maiti za Misri kabisa wanawapa wagonjwa wanywe. Mwenzenu tangu nijue hivyo siwezi kuingia kwenye hicho chumba hata nilipiwe.

Kipara wa Kariakoo: Mama Chumvi umeniharibia chai.

Msomi wa Nasr City: Mbona kuna njia ya kati. Tutankhamun yumo kaburini kwake mpaka leo, Bonde la Wafalme kule Luxor, kwenye kioo, kafunikwa shuka unaona uso na miguu tu, na tiketi yake ni ya peke yake, asiyetaka anapita makaburi mengine.

Mtoto wa Korogwe: Hiyo shuka nayo ina sababu yake mdogo wangu. 1925 watu wa Carter, yule Mwingereza aliyelipata kaburi, walimkuta kagandia kwenye jeneza kwa utomvu aliomiminiwa wakati wa mazishi, wakamkata kichwa na viungo ili atoke. Shuka inaficha hayo. Ila sawa, bora yake yupo kwake. Hao 22 wafunikwe vilevile basi, kibao kisimulie habari zao, anayetaka kuona nyuso zao awe na kazi ya kuzichunguza sio mtalii kama mie niliyetoka kupiga selfi na ngamia.

Mwalimu Mstaafu: Wakifunikwa utajuaje Seqenenre alikufa vitani? Lile jeraha ndilo ushahidi wenyewe, kijana.

Mtoto wa Korogwe: Kuna picha Mwalimu, walishapiga.

Kipara wa Kariakoo: Sasa mie naenda Desemba na shemeji yenu, niingie nisiingie?

Mtoto wa Korogwe: Ingia ukipenda. Mie nikirudi Cairo naishia ghorofa ya juu.

Mama Chumvi: Na kushari utakula.