Kliniki za meno Arusha, acheni kuwauzia blichi watu wenye meno ya floraidi!

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu wa kike amekulia Ngarenanyuki, Arumeru. Anayeyajua maji ya kule, yenye madini mengi ya floraidi, anajua meno yake yakoje: kahawia ya kukolea na mabaka meupe kama chaki. Anakaribia kuolewa, akaona tangazo la kliniki moja hapa mjini, "meno meupe ndani ya saa moja". Akalipa laki tatu na nusu. Hela ya kudunduliza hiyo!

Hakuna aliyemuuliza amekulia wapi wala amekunywa maji gani utotoni. Wakampaka jeli, wakamwashia taa ya bluu, basi. Kile kizuizi cha kukinga fizi walikipaka harakaharaka, jeli ikapenya. Fizi za mbele ziligeuka nyeupe kama zimebabuka kwa maji ya moto, kisha zikachubuka. Jeli ya kliniki inaweza kuwa na peroksaidi ya haidrojeni, ile kemikali ya blichi, asilimia 35 hadi 40, si kitu cha kupaka ovyo. Usiku ule hata maji ya kawaida yalimshinda, meno yote ganzi.

Na kahawia? Ipo palepale! Yaliyong'aa ni yale mabaka meupe, sasa yanaonekana kuliko mwanzo. Tukapiga simu, tukajibiwa: "Ni kawaida dada, njoo ulipie awamu ya pili."

Daktari wa meno wa hospitali ya serikali alitueleza bila kutoza hela ya ziada. Floraidi si uchafu wa chai au sigara uliokaa juu ya jino. Inaharibu tabaka gumu la nje wakati jino bado linajengeka ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Yenye madoa mepesi blichi inaweza kuyasaidia. Yaliyokolea yanataka kusuguliwa kitaalamu kwa asidi na unga laini, au kufunikwa kwa kompoziti, ule ujazo wa rangi ya jino. Kwa nini kliniki haikusema hayo kabla ya kupokea hela?

Ingekuwa mji mwingine ningesema hawajui. Hii ni Arusha! Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna visima na chemchemi zinazopita hapo mara kadhaa. Ngurdoto kuna kituo kizima cha kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa. Daktari wa meno anayefanya kazi mji huu anaona meno haya kila siku. Wanajua, ila wanajua pia kwamba binti anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka atalipa chochote.

Tunataka hela yetu na gharama za kutibu fizi. Risiti tunayo, picha za kabla na baada tunazo. Aliyewahi kupeleka malalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika anielekeze: barua inaandikwaje, na inapitia kwa mganga mkuu wa mkoa au inakwenda moja kwa moja?