Naomba ushauri: ngoma zinavuja kwenye maiki ya mwimbaji

Wakuu habari za kazi, wakubwa shikamooni.

Hapa Mbeya tunarekodi mama mmoja, mkongwe wa muziki, anayeimba nyimbo za zamani za jazi za Marekani. Kuna piano, besi la kusimama na ngoma zinazopigwa kwa brashi badala ya vijiti, wote chumba kimoja cha mita 5 kwa 4. Kumrekodi peke yake baadaye hataki, na ana haki: anachelewesha neno, piano inamsubiri.

Shida ni kwamba anaimba kwa sauti ya chini. Nikiongeza geini (kiwango cha kukuza sauti) kwenye maiki ya kondensa, aina inayonasa hata sauti ndogo, mchakacho wa brashi na matoazi vinapanda naye. Nikikata masafa ya juu (sauti nyembamba), "s" zake zinafifia.

Nimeegemeza magodoro mbele ya ngoma, nimemsogeza mwimbaji hadi sentimita 15 kutoka kwenye maiki, na mgongo wa maiki, upande usionasa sana, unatazama ngoma. Imepungua, haijaisha. (Mvua kwenye bati tunaikwepa kwa kurekodi asubuhi.)

Je, maiki ya pande mbili (inanasa mbele na nyuma, si ubavuni), ubavu ukielekezwa kwenye ngoma, itasaidia, au mgongo wake utaokota mwangwi wa ukuta? Pia tumeshusha ufunguo wa wimbo (kimo cha sauti anachoimbia) toka E bemoli hadi C. Nikipandisha nusu toni (hatua moja ndogo) atapata nguvu bila kukaza koo?