Naomba ushauri: wimbo wangu umefanana na wa kijana mmoja, na wa kwake haujawahi kutoka

FundiMitambo_Moro:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri, wenye matusi wapite kimya kimya.

Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo hapa Morogoro. Kuna wimbo nimeutengeneza, kauimba binti mmoja, na tangu utoke unakwenda vizuri mno. Bodaboda wanaupiga, kwenye maharusi upo, watoto wanauchezea TikTok. Sasa kajitokeza kijana anadai kiitikio ni cha kwake. Huo wimbo wake haupo YouTube, haupo redioni, haupo popote. Ameanza kutuma watu wazima waje kuongea na mimi, na anatishia kwenda COSOTA, wale wa hakimiliki.

Swali langu ni hili: nyimbo mbili zikifanana melodi, ni lazima mmoja awe ameiba? Maana noti ni zile zile tu, do re mi. Ijumaa nina karatasi ya kusaini na roho haitulii.

Kichwa Ngumu:
Nimeweka kiti. Wajuzi njooni.

Mzee wa Solo:
Kijana, tulia. Kodi ni hizo hizo nne zinazungushwa dunia nzima. Nasema kodi za gitaa, siyo za TRA. Ed Sheeran walimburuza mahakamani New York eti "Thinking Out Loud" imechukua "Let's Get It On" ya Marvin Gaye. Akaingia na gitaa, akawapigia pale pale kizimbani, akawaonyesha kodi hizo zimo kwenye nyimbo chungu nzima. Mwaka 2023 wakamwachia.

Halafu wewe uko Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe! Sisi tuliokulia kwenye madansi tunajua. Sahani za santuri za Kikyuba zilifika Kongo, Wakongo wakazigeuza rumba, rumba ikatufikia huku, kila bendi ikachota. Mpiga solo akisikia kipande kitamu Jumamosi, Jumapili anakipiga yeye kwa mbwembwe zake. Hakuna aliyeitana mwizi. Nakumbuka ukumbi mmoja mpiga gitaa wa bendi ya jirani alilipiwa kiingilio na wenzake aje "kusikiliza" tu, tukamjua, tukamkaribisha jukwaani. Siku hizi watoto mnaogopana mno.

Mama Kwaya:
Bwana asifiwe. Mimi sijui sheria, ila najua uchungu wake. Kwaya yetu tulitunga wimbo wa Pasaka, tukaufanyia mazoezi Kwaresima nzima. Jumatatu ya Pasaka tumealikwa usharika wa jirani, kwaya yao ikatangulia kusimama, wakauimba WIMBO WETU. Kumbe mwalimu wa sauti alikuwa anafundisha pande zote mbili. Mimi nilishika sketi yangu nikatoka nje kulia. Mpaka leo huyo mwalimu akinisalimia namwitikia kwa kichwa. Ndugu mleta mada, dhamiri ndiyo COSOTA ya kwanza.

Mpwani wa Kibokoni:
Yakhe mnahangaika na nini? Huku Mombasa marehemu Juma Bhalo alikuwa akichukua sauti za nyimbo za sinema za Kihindi, akizitia mashairi ya Kiswahili yenye mafumbo hadi mtu asahau kuwa sauti imetoka Bombay. Na Unguja wenzetu walizivuta za Misri. Sijasikia Mhindi aliyepanda meli kuja kudai. Sauti ni ya Mungu, shairi ndilo la mtu.

Ila nakubali, kwetu pia yapo. "Malaika", aliyeuimba Miriam Makeba ukazunguka dunia, mpaka kesho watu wanabishana: huyu asema Fadhili William, yule asema Adam Salim. Wote wawili wako kaburini na ubishi uko hai.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Mzee wa Solo, shikamoo, lakini umechagua kesi unayoipenda. Wimbo mwingine wa huyo huyo Marvin Gaye, "Got to Give It Up", ulifikishwa mahakamani Los Angeles. Mwaka 2015 Robin Thicke na Pharrell Williams, walioambiwa wameuiga kwenye "Blurred Lines", wakashindwa, na baada ya rufaa wakaishia kutakiwa kulipa takriban dola milioni 5. Hilo la kuchota pia lina mwisho wake. Mbaraka alifariki kwa ajali kule Mombasa Januari 1979. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Alizotunga yeye zina ulinzi mpaka 2029, kwa hiyo msiwaambie watoto kwamba za zamani ni za bure.

Mleta mada, nirudi kwako. Kufanana peke yake siyo wizi. Watu wawili wanaweza kuangukia melodi moja bila kujuana, na kama kweli hukuwahi kusikia ya mwenzako, huna kosa. Ndiyo maana kwenye kesi hizi swali la kwanza ni kama uliisikia. George Harrison alisema "My Sweet Lord" ilimjia tu. Mwaka 1976 hakimu akamwambia, naamini hukukusudia, lakini "He's So Fine" ilishika namba moja Marekani 1963, uliisikia, ikakukaa kichwani. Akashindwa.

Sasa wimbo wa kijana wako haujawahi kutoka popote. Basi ingekuwa rahisi sana kusema "sijawahi kuusikia". Nimesoma posti yako mara mbili, hujasema hivyo. Kwa nini?

Kichwa Ngumu:
Eeeh. Nasogeza kiti mbele.

FundiMitambo_Moro:
Mkuu sikuona kama ni muhimu. Ni kweli huyo kijana namfahamu kidogo. Kuna kipindi alipita studio akaingiza demo. Lakini kwangu wanapita vijana wengi, siwezi kukumbuka kila mtu aliimba nini.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Demo bado ipo?

FundiMitambo_Moro:
Ipo kwenye kompyuta. ILA sikilizeni upande wangu kabla ya kuhukumu. Aliniachia elfu kumi, akabakiza elfu arobaini, akapotea. Simu hapokei. Pale ukutani nimebandika tangazo, kazi isiyolipiwa ni mali ya studio, na kila mtu analiona. Biti ni yangu asilimia mia. Vesi tumebadilisha maneno yote. Kilichobaki ni kiitikio tu, na hicho nacho nimekiongezea kasi na binti kakiimba juu zaidi. Yeye mwenyewe muziki alishauacha, siku hizi anafyatua tofali Kihonda. Ningeuacha uozee kwenye kompyuta?

Dada wa Saluni:
Kiitikio TU?? Kaka, saluni kwangu hakuna anayejua hata mstari mmoja wa vesi za Bongo Fleva. Watu wanaimba kiitikio, huko kwingine wanasema mmh mmh mpaka kirudi.

Mzee wa Solo:
Hapo kijana umeniangusha. Mimi nilidhani unazungumzia kodi.

Mpwani wa Kibokoni:
Naondoa neno langu. Bhalo hakumfungia Mhindi chumbani akamrekodi kwanza.

Kijana wa Biti:
Mimi ni prodyuza mwenzake na nitamtetea kidogo. Nyie hamjui madeni ya studio. Mtu anakuja na wazo la kuimbia bafuni, hana ufunguo, hana mwanzo wala mwisho. Unamtafutia kodi, unamwambia hapa panda, hapa kata, unakaa naye mpaka usiku wa manane, na umeme unanunua wewe. Wimbo ukipaa anasema "nimetunga mwenyewe". Nimeshafanyiwa hivyo, jina langu halikuandikwa hata kwa herufi ndogo. Mleta mada, kama ulimsaidia kuunda hicho kiitikio, na wewe ni mtunzi. Ulimsaidia?

FundiMitambo_Moro:
Nilimrekebisha pumzi.

Kijana wa Biti:
Sawa. Nimemaliza kutetea.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Deni ni deni na utunzi ni utunzi. Elfu arobaini unaweza kumdai, lakini tangazo la ukutani halihamishi haki ya mtu. Kuhamisha haki kunataka maandishi yenye sahihi yake. Wala hakuhitaji cheti kwanza ndipo wimbo uwe wake. Sheria inailinda kazi tangu ilipotungwa, cheti ni cha kurahisisha ushahidi. Una vitu viwili mkononi: rekodi uliyotengeneza, ambayo una haki nayo, na utunzi wa melodi ya kiitikio, ambao ni wa mfyatua tofali. Kuongeza kasi na kupandisha sauti hakubadilishi mwenyewe.

Na hiyo karatasi ya Ijumaa ni ya nini?

FundiMitambo_Moro:
Kuna kampuni ya vinywaji inataka kiitikio kwenye tangazo la redio. Karatasi inasema nathibitisha kuwa kazi ni yangu halisi na hakuna mtu mwingine mwenye madai. Kianzio wameshanipa. Spika nimeshanunua, na binti nimeshampa chake. Kwa hiyo mnaosema "rudisha" mniambie narudisha kutoka wapi. Nilichotaka kwenu ni namna ya kumtuliza kijana, siyo mahubiri.

Mama Kwaya:
Asiyetaka mahubiri hatendi yanayohubiriwa.

Jicho la Tatu:
Wakuu mnakunywa chai, yaani uongo, na hamjaombwa. Posti ya kwanza "kajitokeza kijana". Ya pili "namfahamu kidogo". Ya tatu anajua mpaka anakofyatulia tofali! Akaunti ni ya wiki hii. Na ni mwizi gani anayekuja kujianika hivi, demo anayo, ukutani kabandika, spika kanunua? Mimi nasema mleta uzi NDIYE huyo dogo wa tofali. Kavaa joho la prodyuza ili Mwanasheria ampangie kesi bure. Na amefanikiwa.

Kichwa Ngumu:
Loh! Mbona inaingia akilini.

Dada wa Saluni:
Mimi nadhani ni kiki. Kesho mtaona linki, "wimbo wenye utata ndio huu hapa, sabskraibu". Tumeshazoea, wanagombana wiki nzima, kumbe albamu inatoka.

Kijana wa Biti:
Weka wimbo hapa tumalize ubishi.

FundiMitambo_Moro:
Siweki. Nikiweka mnamjua binti, mnaijua studio, na kampuni wanasoma humu. Mimi siyo dogo wa tofali na sitafuti kiki. Anayeona ni chai aende uzi mwingine.

Jicho la Tatu:
Kimya cha link ni jibu.

Kijana wa Biti:
Ngoja nimpime, kwa hili hawezi kunidanganya. Mleta mada, hiyo demo ilikuwa tempo ngapi, kiitikio kinaanzia kwenye mdundo wa ngapi, na faili lenyewe linaonyesha mwaka gani? Jibu bila kufikiri.

FundiMitambo_Moro:
96. Kiitikio kinaingia kabla ya mdundo wa kwanza, nusu hatua, ndiyo utamu wake. Wimbo uliotoka niliupandisha ukawa 104. Faili ni la Juni 2022, lina jina lake mwenyewe. Umeridhika?

Kijana wa Biti:
Nimeridhika. Huyu ni prodyuza.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Mimi nimeridhika zaidi. Ndugu, hapo umetaja demo ya 2022 yenye jina la kijana, kasi yake ya awali, na ukakiri kuwa utamu wa kiitikio ulikuwamo tangu siku hiyo. Kijana akifika COSOTA hana haja ya kueleza kitu, aombe tu hilo faili.

Kichwa Ngumu:
Skrinishoti nimepiga, kwa faida ya vizazi vijavyo.

FundiMitambo_Moro:
Na faili likifutika? Kompyuta yangu ni ya zamani, inazingua kila mara.

Mama Kwaya:
Yesu na Maria.

Mwanasheria wa Kijiweni:
Usithubutu. Kwanza umeshaliandika hapa. Pili, ni lini ulimpa kijana nakala kwenye fleshi au WhatsApp? Maana hakuna msanii anayetoka studio bila kuondoka na demo yake. Ninachokushauri: kabla ya Ijumaa panda daladala nenda Kihonda. Kaeni chini na wale watu wazima aliokutumia, muandike karatasi moja. Kiitikio kimetungwa na huyu, biti na rekodi ni za yule, mapato ya utunzi yanagawanywa hivi. Jina lake liingie. Kampuni uwaambie kuna mtunzi mwingine, na wao watamhitaji asaini. Wenye matangazo hawaogopi watunzi wawili, wanaogopa mtunzi wa tatu anayetokea wakati redio inaendelea. Ukisaini hiyo ya sasa peke yako, kesi yako itakuwa na kampuni na kijana kwa pamoja.

Mzee wa Solo:
Msikilize huyu. Kuna Mzulu, Solomon Linda, alirekodi "Mbube" Johannesburg 1939, akalipwa shilingi kumi. Wazungu wakaugeuza "The Lion Sleeps Tonight", pesa zikamiminika, yeye akafa maskini 1962. Familia yake imekuja kupatana na kampuni 2006, yeye hayupo, mabinti ni watu wazima. Kijana wako yuko hai na yuko Kihonda, nauli haifiki hata elfu.

Dada wa Saluni:
Na umnunulie soda. Ya kampuni nyingine.

FundiMitambo_Moro:
Nimewasikia, ingawa wengine mmenidhalilisha. Nimefikiria hivi: deni lake la elfu arobaini namfutia, namwongezea laki moja mkononi, anasaini kwamba hana madai na jina lake halina haja ya kuingia. Kampuni wananipa milioni nne, lakini mjue nina gharama. Hiyo si haki jamani?

Jicho la Tatu:
Nafuta kauli yangu, wakuu. Huyu ndiye prodyuza. Dogo wa tofali asingejipangia laki moja.