Mjadala: Je, majimbo ya Marekani yaendelee kutunga sera za tabianchi wakati Washington inazivunja?

Kiti_cha_Nyuma
Ndugu wachangiaji, Rais Trump alitia saini amri ya kuitoa tena Marekani katika Mkataba wa Paris, ule wa mataifa wa kupunguza ongezeko la joto duniani, siku ile ile aliyoapishwa, tarehe 20 Januari 2025, na mwezi Aprili akamwagiza Mwanasheria Mkuu azisake sheria za majimbo kuhusu tabianchi na kuzizuia. Kabla ya wiki nne kwisha, Wizara ya Sheria ilikuwa imekwisha kuyashtaki majimbo manne: New York na Vermont kwa sheria zinazoyatoza makampuni ya mafuta gharama za madhara ya tabianchi (New York pekee inadai dola bilioni 75 kwa miaka 25), na Hawaii na Michigan kwa kukusudia tu kuyashtaki makampuni hayo. Je, gavana au meya ana sababu ya kuendelea? Mimi naona anayo, ingawa najua kwamba majimbo kama Texas hayatausaidia ulimwengu kwa lolote.

Mtetea_Soko
Mengine sina haja ya kuyagusa, ila hilo la Texas limenikera. Texas ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa umeme wa upepo, wala haimo katika muungano wa magavana wa kutetea tabianchi ulioanzishwa na Jerry Brown wa California, Andrew Cuomo wa New York na Jay Inslee wa jimbo la Washington mwaka 2017, Marekani ilipojitoa Paris mara ya kwanza. Magavana wale walipata sifa magazetini. Texas ilipata umeme, na iliupata kwa nguvu ya soko bila amri ya mtu yeyote.

Binti_Sheria
Kwanza, mwaka 2017 ulikuwa wa tangazo tu. Marekani ilitoka rasmi tarehe 4 Novemba 2020, siku moja baada ya uchaguzi, na Biden akairudisha Februari 2021. Pili, kaka yangu, unasema hakukuwa na amri? Sheria iliyowalazimu wauzaji wa umeme wa Texas kuwa na sehemu ya nishati jadidifu, kama ya upepo na jua, ilipitishwa mwaka 1999 na kutiwa saini na gavana wa wakati huo, George W. Bush. Mwaka 2005 watunga sheria wakaagiza zijengwe nyaya za msongo mkubwa kutoka magharibi, kwenye upepo, hadi mijini, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 7 ambayo wateja wote wa gridi ile walibebeshwa. Soko lako lilichongewa barabara na serikali, kisha likasifiwa kwa kujua kutembea.

Mtetea_Soko
Dada, sikuja hapa kusahihishiwa daftari. Nyaya zile hazikujengwa kwa ajili ya mikataba ya tabianchi, na ndiyo maana zimedumu. Itazame California, inayojitangaza kila siku: ruhusa yake ya kuweka viwango vyake vya moshi wa magari ilifutwa mwaka 2019, ikarudishwa 2022, na Juni 2025 Bunge la Marekani na Trump wakafuta ruhusa ya kanuni yake ya kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo 2035. Hiyo ni sera au ni bembea?

Mwamba_Kimya
California na majimbo mengine yalikwenda mahakamani siku hiyo hiyo. Linalonishangaza ni kwamba sheria kuu ya tabianchi ya California, ile ya 2006, ilitiwa saini na gavana wa wakati huo, Schwarzenegger, na ile ya Texas ya nishati jadidifu na Bush, wote wawili wa chama cha Republican. Chama kile kilikwenda wapi?

Kiti_cha_Nyuma
Swali langu halikuwa juu ya vyama, na la Texas naona nitajutia kulitaja. Nirudi kwa miji. Berkeley, mji wa California, ilipiga marufuku mabomba ya gesi katika majengo mapya mwaka 2019, lakini aliyeiangusha hakuwa Trump: ilikuwa mahakama ya rufaa, mwaka 2023, Biden akiwa madarakani, kwa kutumia sheria ya nishati ya taifa ya mwaka 1975.

Binti_Sheria
Na Pennsylvania iliuacha mpango wa majimbo ya kaskazini-mashariki wa kuuza vibali vya hewa ukaa, ambavyo mitambo ya umeme huvinunua kwa moshi inaoutoa, mwezi Novemba 2025 katika mapatano ya bajeti yake yenyewe, gavana akiwa Mdemokrati. Kwa upande mwingine, jimbo la Washington liliwauliza wananchi kama sheria yake ya vibali ifutwe, katika uchaguzi ule ule wa Novemba 2024 uliomrudisha Trump, na takriban asilimia 62 wakakataa. Gavana ajaye atafikiri mara mbili kabla ya kuigusa sheria hiyo.

Mtetea_Soko
Wapiga kura wa Seattle, mji mkubwa wa jimbo hilo la Washington, si kipimo cha Marekani. Texas haikuhitaji kura yoyote.

Mwamba_Kimya
Bwana, mwaka 2025 Seneti ya Texas ilipitisha miswada ya kuubana umeme wa upepo na wa jua, ikafia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo hilo. Je, aliyeizuia pale ni soko, au ni wabunge wanaotoka wilaya zenye mitambo?