Profoma ya leseni za mashine pepe imeruka karibu mara nne: tulipe au tuhame?

Seva_Kurasini

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na nimebakiwa na wiki tatu tu.

Nasimamia kompyuta za kampuni ya uwakala wa forodha hapa Kurasini. Tuko wawili, mimi na kijana niliyemfundisha kuanzia kubana waya za mtandao. Tuna seva mbili, kila moja ina prosesa mbili za viini 8. Ndani yake zinaishi mashine pepe 14, yaani kompyuta za kiprogramu zinazogawana seva moja: uhasibu, mafaili, hifadhidata ya mizigo na nyingine ndogondogo. Mwaka 2019 tulinunua leseni ya kudumu ya VMware, programu inayoendesha mashine hizo, tangu hapo tunalipia msaada tu. Sasa wakala aliyetuuzia ameleta profoma ya mwaka mmoja, kwa dola, karibu mara nne ya tulicholipa mwaka jana.

Bosi aliisoma, akaniuliza: "Tusipolipa, meli ikifunga gatini kesho tutafanya kazi?" Nilikosa jibu, na hilo linaniuma kuliko bei yenyewe.

Kijana wangu anataka Proxmox, programu huria ya kazi hiyohiyo. Mhasibu anataka kila kitu kiende kwenye wingu. Mimi naogopa yote mawili. Hifadhidata ya mizigo ikilala asubuhi moja tu, malori yanapanga foleni na mteja anaanza kuhesabiwa storeji ya kontena. Nani amepita njia hii?

Fundi_Changombe

Pole mkuu. Jibu la bosi ni ndiyo, mtafanya kazi. Leseni ya kudumu haizimiki kwa sababu mkataba wa msaada umeisha. Mnachokosa ni masasisho na mtu wa kumpigia simu. Lakini usikae hapo muda mrefu. Kama mko kwenye vSphere 7, toleo la zamani la VMware, msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 2025, na tundu la usalama likitokea mtabaki nalo.

Sisi tulikuwa VMware. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua Novemba 2023, na mwezi uliofuata leseni za kudumu zikaondolewa sokoni. Sasa unalipia kwa muda, kwa idadi ya viini, na kila prosesa inahesabiwa si chini ya viini 16. Wewe una viini 32 ila utalipia 64. Hata ukiamua kubaki, seva zijazo nunua za prosesa moja ya viini 16. Nguvu ileile, leseni nusu.

Tulihamia Proxmox mwaka 2024, mashine 22, wikendi tano. Kuanzia mwaka huo ina zana ya kuvuta mashine moja kwa moja kutoka ESXi, ile programu ya VMware inayokaa kwenye seva. Za Linux zilipita kama maji. Windows ya kwanza ilituamkia na skrini ya bluu, tukakaa hadi saa tisa usiku. Kosa lilikuwa letu: diski tuliiunganisha kwa VirtIO, njia ya kasi ya mashine pepe, kabla Windows haijawa na draiva yake. Weka draiva kwanza, iwashe kwa SATA, njia ya kawaida ya diski, ongeza diski ndogo ya VirtIO ili Windows iitambue, ndipo ubadilishe ile kubwa. Na kabla hujazima chochote, andika kwenye daftari anwani ya IP ya kila mashine, maana kadi ya mtandao itabadilika na anwani itapotea.

Jambo moja usilipuuze: klasta, yaani seva zinazosaidiana na kuamua kwa kura, ikiwa na mbili tu haina wingi wa kura. Moja ikizimika, inayobaki haiwezi kujiamulia. Tafuta kompyuta ndogo iwe kura ya tatu. Ceph, hifadhi inayosambazwa kwenye seva kadhaa, achana nayo, inataka seva tatu na mtandao wa kasi. Kwenu ZFS, mfumo wa kuhifadhi diski, ikinakili kutoka seva moja kwenda nyingine kila baada ya dakika chache inatosha, mradi bosi ajue kwamba dakika hizo chache zinaweza kupotea.

BiHifadhi

Ndugu yangu, hujasema mashine ngapi ni Windows. Kama ni nyingi, hesabu leseni za Windows Server mlizonazo kabla ya kuamua. Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe, imo ndani yake. Leseni ya Standard inakuruhusu mashine pepe mbili kwa kila seva iliyolipiwa viini vyote, Datacenter haina kikomo.

Kuhusu wingu, mwambie mhasibu kwamba vituo vya AWS na Azure, yaani wingu la Amazon na la Microsoft, vilivyo karibu nasi viko Cape Town na Johannesburg. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, ofisi yetu ya Posta ilikaa ikitazama skrini, huku seva ya mafaili iliyokuwa chumba cha pili ikifanya kazi bila shida. Tena taarifa za wateja zikitoka nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake. Nakala ya bakapu iende huko, ndiyo. Hifadhidata ya mizigo ibaki hapa.

Na nakuomba sana: rejesha bakapu moja kabla ya kugusa chochote.

Seva_Kurasini

Mungu awabariki. Windows ni 9, Linux 5.

Bi, nimefanya ulivyosema. Bakapu ya uhasibu imekataa kurudi. Miezi saba imekuwa ikiandika "imekamilika", kumbe diski ya pili ya mashine haikuwemo. Nimetetemeka, nimeirekebisha na nimeirejesha mara mbili.

Profoma hatulipi, bosi amekubali. Tunahamia Proxmox: tunaanza na Linux, kisha Windows mojamoja, na hifadhidata ya mizigo itakuwa ya mwisho, kila mtu akishazoea. Kijana ndiye atakayeongoza, mimi nimsimamie, maana usiku mmoja atakuwa peke yake.

Fundi, ile kompyuta ya kura ya tatu mliiweka chumba kilekile cha seva?

Fundi_Changombe

Hapana. Iko mapokezi, ina swichi yake na UPS yake, betri ya akiba umeme ukikatika. Kiyoyozi cha chumba cha seva kilikufa Februari na seva moja ikajizima kwa joto. Ile iliyobaki iliendelea kwa sababu ya hiyo kura.