Kadi za besiboli: kijana wangu kaona moja kwenye filamu ya Krismasi, anasema ni sawa na zetu. Niuze au nisubiri?

Baba Juma

Wakuu, habari za sikukuu. Naomba ushauri kwa wanaojua besiboli, maana mimi mpira ninaoufahamu ni ule wa kupigwa kwa mguu.

Nipo Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita. Septemba jirani yetu, bibi wa miaka sabini na kitu, alihamia kwa binti yake. Tukamsaidia kubeba vyombo. Gereji ilipobaki na takataka tu, akamwita Juma akampa boksi la viatu limejaa kadi za besiboli, zile ndogo zenye picha za wachezaji. Nyingine za marehemu mumewe, nyingine za wanawe, zote zimechanganyika. Tukashukuru, nikalisukumia uvunguni mwa kitanda, nikalisahau.

Juzi usiku tunaangalia filamu ya Krismasi, moja ya zile za zamani zinazorudiwa kila Desemba mpaka unajua nani atagonga mlango kabla hajagonga. Kuna mahali mtoto anapekua sanduku la kaka yake, anatoa kadi. Juma (ana miaka 12) akaruka, akasimamisha picha, akakimbia chumbani, akarudi na kadi mkononi. "Baba, ona! Si ndiyo hii?" Nikaangalia, kweli: zote mbili zina ukingo wa rangi ya mbao, kama fremu ya picha ya sebuleni.

Kuna jamaa kazini nilimwonyesha picha ya baadhi. Papo hapo akasema atanipa dola 150 kwa boksi zima, hata kuhesabu hataki. Hiyo haraka yake ndiyo iliyonitia shaka. Zipo kama 400. Mke wangu anasema uza tulipe bili ya gesi. Juma kagoma, anasema kitu kikishaonekana kwenye filamu lazima kina bei. Nisaidieni.

Kofia ya Mtumba

Mkuu, mimi besiboli naijulia kofia za Gikomba tu. Nimevaa ile ya NY miaka mitano nikidhani ni kampuni ya saa. Lakini baridi ya Ohio naijua, dada yangu yuko Cleveland. Dola 150 ni gesi ya mwezi mzima hiyo. Uza.

Mzee wa Dayton

Usiuze. Subiri kwanza tuelewe una nini.

Mimi nipo hukuhuku Ohio tangu 1998 na huu ugonjwa wa kadi niliambukizwa na msimamizi wangu wa kiwandani. Mwambie Juma ana jicho, ila jicho peke yake humponza mtu. Ukingo wa mbao umetumika zaidi ya mara moja. Kampuni ya Topps iliutumia 1962, ikaurudia 1987. Kabla yao, 1955, kampuni ya Bowman ilitoa kadi ambazo mchezaji yumo ndani ya runinga ya mbao, kadi imelala kwa upana. Mtu akiniambia "ina ukingo wa mbao" ni kama kaniambia "nimeona basi la bluu".

Kwa hiyo fanya hivi. Ya 1987 ina nembo ya timu juu kushoto, na jina la mchezaji limo ndani ya kijisanduku cha rangi chini kulia. Ya 1962 haina nembo ile. Picha yake imechorwa kana kwamba kona ya chini kulia imebanduka na kujikunja, na jina limeandikwa pale palipobanduka. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

Halafu igeuze. Nyuma kuna takwimu za mchezaji. Angalia mwaka wa mwisho ulioandikwa, ongeza mmoja. Takwimu zikiishia 1986, kadi ni ya 1987. Zikiishia 1961, kadi ni ya 1962. Njia hiyo inafaa kwa kadi nyingi za kawaida, siyo hizi tu.

Na hiyo filamu ni ya mwaka gani?

Baba Juma

Mzee, asante sana. Mwaka wa filamu hatukuujua, ila Juma kasogeza hadi mwisho kabisa, yale majina yanayopanda, chini kuna herufi za Kirumi. Wiki mbili zilizopita alikuwa analia na herufi hizohizo kwenye kazi ya shule. Kasoma mwenyewe: MCMLXXX na vijiti vyake, ni kabla ya 1987.

Mzee wa Dayton

Basi kesi imekwisha nusu. Filamu iliyotengenezwa kabla ya 1987 haiwezi kuwa na kadi ya 1987. Kama kadi uliyoiona imesimama wima na ina ukingo wa mbao, hiyo ni ya 1962. Mrudishe Juma aangalie kona.

Ndiyo raha ya mchezo huu wa kuwinda kadi kwenye filamu. Watu wa filamu huokota chochote kilichopo stoo, na kadi ina mwaka wake, haijui kudanganya. Filamu inasema ni Krismasi ya 1950, mtoto kashika kadi ya 1975 yenye ukingo wa rangi mbili. Mimi nikiona hivyo hadithi yote huwa imeniharibikia, mke wangu ananifukuza sebuleni.

Hesabu Kali

Sasa mbona mnaficha kitu cha muhimu, bei? Nimesoma kadi ya besiboli iliuzwa mamilioni. Mwenzetu anaweza kuwa tajiri humo ndani na nyie mnaongelea kona.

Mzee wa Dayton

Haijafichwa, ilikuwa inakuja. Unayoisema ni ya Mickey Mantle, nyota wa timu ya Yankees ya New York, Topps ya 1952, namba 311. Agosti 2022 iliuzwa kwa mnada dola milioni 12.6. Lakini sikiliza kwa nini.

Mwaka 1952 kadi zilikuwa kitu cha mtoto, unanunua bablishi unapata kadi. Toleo la mwisho la mwaka ule lilichelewa, watoto walishahamia kwenye mambo mengine, maboksi yakabaki ghalani. Mwaka 1960 bwana Sy Berger wa Topps, ambaye ndiye aliyezibuni kadi zenyewe, akachoka nayo. Akayapakia kwenye tishari, wakayamwaga baharini, Atlantiki. Yamo samakini mpaka leo. Na yaliyokuwa majumbani, akina mama wakayatupa vijana walipokwenda chuo au jeshini. Ndiyo maana zilizobaki ni chache.

Sasa geuza hadithi. Miaka ya themanini watu wakasikia kadi za zamani zina pesa. Kila mtu akaanza kuhifadhi, mama hatupi tena, na viwanda vikachapa usiku na mchana. Toleo la 1987 lina kadi 792 tofauti, na kila moja ilichapwa kwa wingi wa kutisha. Hakuna aliyeitupa. Leo ukitaka kadi ya kawaida ya 1987 utaipata kwa senti. Hata ya mchezaji nyota Barry Bonds, namba 320, isiyo na sifa ya pekee, ni dola chache tu.

Kwa hiyo Baba Juma, 400 za 1987 siyo utajiri. Lakini ukiniambia humo zimo zenye kona iliyojikunja, hayo ni maongezi mengine.

Bint Kisauni

Hivi bablishi hiyo ndiyo ile ya Bazooka? Sisi utotoni Mombasa kila bablishi tuliita bazoka, hata isiyo bazoka.

Mzee wa Dayton

Dada, umenigusa. Ndiyo hao hao. Topps ndio waliokuwa na bablishi ya Bazooka, waliianza baada tu ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo wote tulishamchangia Topps shilingi bila kujua, ila sisi hatukupewa Mantle.

Baba Juma

Wakuu, tumekesha. Tumezimwaga zote sakafuni.

Ripoti: nyingi zina nembo juu kushoto, za 1987. Nyingi mno za Cincinnati Reds, timu ya hapahapa Ohio. Juma kachambua akapata kadi tatu za mchezaji wao Barry Larkin. LAKINI zipo tisa zenye kona iliyojikunja! Takwimu zinaishia 1961. Na kwenye filamu Juma kasimamisha tena, kona imejikunja vilevile. Kwa hiyo kadi aliyonikimbilia nayo siku ile ilikuwa ya 1987, alikosea, ila wenzake walikuwemo humohumo bokisini. Sasa anatembea kifua mbele utadhani yeye ndiye aliyepatia.

Katika tisa, moja ni ya Robinson wa Cincinnati. Huyu ndiye yule mweusi wa kwanza kwenye ligi kuu? Nyingine ina namba 1, jina Maris. Na moja ina doa la kahawia mgongoni, sijui chai. Nifute kwa kifutio?

Mzee wa Dayton

USIFUTE CHOCHOTE. Weka kifutio chini, osha mikono, kaa.

Doa hilo siyo chai, ni bablishi. Kipande kilifungwa pamoja na kadi, kikaganda mgongoni kwake. Doa la kweli la 1962 lina heshima zaidi ya usafi wa kifutio chako. Kadi iliyosuguliwa wanunuzi wanaijua mara moja.

Robinson wako siyo Jackie Robinson, yule mweusi unayemsema. Jackie ndiye aliyeingia 1947 na timu ya Brooklyn. Huyu ni Frank Robinson, mchezaji bora wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) mwaka 1961, mwaka ambao Cincinnati walifika fainali wakafungwa na Yankees. Naye ana historia yake hapahapa Ohio: 1975 Cleveland walimfanya meneja, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushika kazi hiyo kwenye ligi kuu. Mwonyeshe Juma, aache kutafuta bei tu.

Maris namba 1 ndiye Roger Maris. Mwaka 1961 alipiga homurani 61 (kwa kawaida ni pigo la kuvusha mpira nje ya uwanja), akavuka 60 za Babe Ruth zilizokaa tangu 1927. Ndiyo maana mwaka uliofuata Topps wakampa namba ya kwanza. Hata ikiwa imechakaa, kadi hiyo inatafutwa. Sasa jiulize: picha uliyompelekea jamaa wa kazini, Maris alikuwemo?

Baba Juma

Nimeangalia simu. Alikuwemo. Pembeni, nusu imefunikwa na kidole changu.

Kofia ya Mtumba

Nafuta ushauri wangu wa kwanza. Huyo jamaa usimpe hata maji.

Mzee wa Dayton

Msimhukumu, huenda naye kaona tu kama Juma alivyoona. Ila usimuuzie kwa macho. Kila moja ya zile tisa ivalishe kifuko laini cha plastiki, halafu uitumbukize kwenye kifuko kigumu, vinauzwa kwa bei ndogo. Usibane kwa mpira, mpira unakata kingo. Ukitafuta bei eBay, usiangalie watu wanaomba ngapi. Chuja uone zilizokwisha kuuzwa. Mtu anaweza kuomba milioni kwa kadi ya senti, hakuna anayemkataza kuota.

Kuna kampuni kama PSA zinazopima kadi na kuipa alama 1 hadi 10. Kwa Maris, fikiria kuipeleka. Nyingine, ada inaweza kuizidi kadi yenyewe.

Bint Kisauni

Samahani naingilia. Baba Juma, huyo bibi alijua anatoa nini? Zile tisa ni za marehemu mumewe. Kama ni mamangu, ningependa mtu anipigie kwanza.

Hesabu Kali

Zawadi ni zawadi dada. Alitoa kwa hiari yake. Ukimpigia, binti yake atazitaka zote.

Bint Kisauni

Basi azichukue, kaka. Ni za babake.

Baba Juma

Mke wangu kasema hivyohivyo kabla sijamaliza kumsomea. Nampigia kesho asubuhi.

Baba Juma

Nimempigia. Amecheka mpaka akakohoa. Kasema za 1987 ni za wanawe, waliijaza gereji wakisema zitawalipia chuo. Hazikulipia hata vitabu. Zile tisa anazikumbuka. Mumewe alikuwa na miaka kumi, anagawa magazeti, pesa yote inaishia kwenye bablishi.

Nikamwambia habari za Maris na kwamba ina pesa. Akasema Maris abaki kwa Juma, mumewe alikuwa Reds damu na Yankees hakuwahi kuwasamehe. Ameomba moja tu, yenye doa. Anasema alikuwa akiinusa kila Krismasi na kuapa kwamba bado inanukia. Juma kainusa kabla hatujaifunga. Anasema inanukia boksi.

Jumamosi tunampelekea. Jamaa wa kazini leo kafika dola 300, nimemwambia vumilia mkuu, kwanza tuchague. Bili ya gesi nimeilipa kwa ovataimu.

Kofia ya Mtumba

Mkuu, swali la mwisho. Hilo boksi la viatu lenyewe, ni la viatu gani na vya mwaka gani? Piga picha, na kidole ukiweke mbali.